Shule za kulipia: ada unaijua, haya mengine je?

Wadau, kuna swali moja linaulizwa sana hapa Murusagamba kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka shule zinafunguliwa Januari. Ukikaa kijiweni utalisikia, sokoni utalisikia, hata kwenye foleni ya kuchajisha simu. "Ile shule ada shilingi ngapi?" Mtu anajibiwa namba, anaikuna kichwani, anahesabu magunia yake ya maharage, anasema inawezekana, na mtoto anapelekwa. Ikifika Agosti mtoto yuko nyumbani anachunga mbuzi, na ukiuliza kulikoni unaambiwa ada yote ilishalipwa, ila kuna "vitu vingine" bado.

Leo nataka tuongelee hivyo vitu vingine. Naona magazeti yakiandika kuhusu shule binafsi yanakomaa na ada tu, wakati mzazi wa huku kijijini ada ndo kitu pekee alichojiandaa nacho. Kinachomwangusha ni yale yaliyoandikwa ukurasa wa tatu wa fomu ya kujiunga kwa herufi ndogo, pamoja na yale ambayo hayakuandikwa kabisa.

Kabla sijaenda mbali, nijibu lile swali la kejeli ambalo najua kuna mdau atalileta: si kuna elimu bure, nani kawatuma? Ni kweli. Ada ya shule ya msingi ya serikali iliondolewa ule wakati wa MMEM, mpango ulioanza kutekelezwa mwaka 2002. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukafuta ada mpaka kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na bajeti ya mwaka 2022 ikaongeza kidato cha tano na cha sita. Kwa hiyo mzazi anayelipa leo analipa huku mlango wa bure uko wazi pembeni yake. Je, ni mjinga? Mimi nasema hapana, na sababu zake zina historia.

Wazee watakumbuka kwamba zamani mtoto wa Mtanzania wa kawaida hakuwa na ruhusa ya kusoma shule ya msingi ya Kiingereza hapa nchini. Waliokuwa na uwezo walivusha watoto kwenda Kenya na Uganda, na sisi watu wa Kagera Uganda ilikuwa jirani tu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ndiyo iliyofungua mlango kwa upana, na hizi ingilishi midiamu zikaanza kuota mijini kisha zikasogea wilayani. Halafu zikaja shule za kata kuanzia mwaka 2006. Zilitusaidia, tusizibeze, kuna watu wengi tu wasingevuka darasa la saba bila hizo. Lakini zilianza nyingi kwa mpigo, walimu hakuna, maabara hakuna. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 ndiyo yaliyotia watu hofu: zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, mpaka serikali ikayafuta na kuyapanga upya mwaka 2013. Mzazi aliyeshuhudia mwanae au mtoto wa jirani akirudi na sifuri mwaka ule hawezi kusahau upesi.

Ongeza na mtego wa lugha. Shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili miaka yote, halafu mtoto akiingia kidato cha kwanza, Januari moja tu, kila kitu kinageuka Kiingereza. Mimi nimepita huko. Somo la Baiolojia wiki ya kwanza nilikuwa naangalia midomo ya mwalimu kama natazama filamu isiyo na sauti. Mzazi anayemtoa mtoto Kayumba na kumpeleka midiamu ananunua njia ya kukwepa hiyo Januari. Hesabu yake ya elimu iko sawa kabisa. Hesabu ya fedha ndiyo amepewa nusu.

Sasa tuifanye hiyo hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano, nazipanga mwenyewe ili tuelewane, wala sizungumzii shule fulani. Tuchukue shule ya bweni ambayo ada yake ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka, inalipwa kwa awamu nne za 300,000. Mzazi anasema sawa, awamu nne, Mungu atasaidia. Anaanza na fomu na usaili, 20,000. Sare seti mbili, sweta lenye nembo, trakisuti na fulana ya michezo, 150,000, na ni lazima uchukue pale pale dukani kwa shule. Viatu, soksi na begi 45,000. Godoro, tranka, mashuka, chandarua na ndoo 160,000. Rimu mbili za karatasi, madaftari na vitabu 95,000. Hela ya tahadhari, yaani mtoto akivunja kioo, 30,000, na hiyo sijawahi kumwona mtu aliyerudishiwa. Matibabu 20,000. Masomo ya ziada na kambi ya likizo 100,000. Ziara ya mafunzo 40,000. Mahafali 20,000. Hela ya mfukoni mwaka mzima 60,000. Na nauli za kumpeleka, kumrudisha na kumtembelea, tuweke 160,000 tukijibana sana.

Jumlisha. Inakuja 900,000. Yaani robo tatu ya ada imeongezeka juu ya ada, na mzazi aliyedhani anahitaji 1,200,000 anahitaji 2,100,000. Kwa bei ya mfano ya maharage shilingi 1,500 kwa kilo, gunia la kilo mia ni 150,000. Alijiandaa magunia nane, yanatakiwa kumi na manne. Mwaka wa pili godoro na tranka hazinunuliwi tena, fomu imekwisha, tahadhari imekwisha, sare labda nusu, lakini bado unabaki na kama 615,000 za pembeni, nusu ya ada na kidogo. Chukua fomu ya shule unayoijua, weka tarakimu zake halisi, uone kama nimezidisha au nimepunguza.

Kuna mambo kwenye hiyo orodha nataka niyatulie.

La kwanza ni sare. Kitambaa cha kaptula ya bluu kinauzwa kila mahali, na mafundi cherehani tunao hapa hapa Murusagamba, Rulenge tunao, Ngara mjini ndo usiseme. Fundi angeshona kwa bei nafuu na hela ingebaki kijijini. Lakini shule inaweka nembo kwenye mfuko, mstari wa njano kwenye kola, na rangi ya sweta ambayo haipo dukani popote, na hapo fundi wetu amefungiwa nje. Kisha mwaka wa tatu mstari wa njano unakuwa wa kijani! Mdogo mtu hawezi kurithi sare ya kaka yake. Hapo ndipo ninaposema wazi kwamba hii ni biashara, tena ya mnunuzi aliyefungwa miguu. England wameliona jambo hili wakalitungia sheria mwaka 2021. Shule zinaelekezwa kupunguza kabisa vitu vyenye nembo na kuhakikisha mzazi anaweza kupata sare zilizokwishatumika. Kama England wenye hela zao wanalalamika kuhusu nembo ya sweta, sisi wakulima wa maharage tunaona aibu ya nini?

La pili ni usafiri, na hapa mwandishi wa Dar hawezi kunielewa. Shule nyingi za kulipia haziko Murusagamba. Ukitaka kumpeleka mtoto Ngara mjini unapita Rulenge, na ukienda upande wa Biharamulo unaunganisha mpaka Nyakahura au Nyakanazi ndipo upate mabasi ya kueleweka. Mwaka wa shule una mihula miwili na likizo fupi mbili katikati, kwa hiyo mtoto anatoka na kurudi mara nne. Mtoto wa darasa la tano hasafiri peke yake, anasindikizwa, na huyo msindikizaji naye ana nauli ya kwenda na kurudi. Siku ya wazazi hujaiweka. Siku ile huwezi kwenda mikono mitupu, wenzake wanaletewa kuku wa kukaanga na soda, wewe mwanao akuone unashuka na mahindi ya kuchoma? Ukichelewa gari la kurudi unalala gesti. Hakuna shule inayoandika haya kwenye fomu, na kwa kweli si kosa la shule, ila yanatoka mfuko ule ule.

Halafu mwaka 2023 likaongezeka jambo jingine. Wizara ya Elimu ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne kuanzia Machi mwaka ule. Sababu ya serikali naielewa, mtoto wa miaka sita akae na mama yake, nani atapinga. Ila tazama ramani. Aliyeko Mwanza mjini basi la shule linamchukua mwanae getini asubuhi na kumrudisha jioni. Aliyeko Murusagamba shule iko safari nzima. Njia aliyobakiwa nayo ni kumweka mtoto kwa shangazi au ndugu aliyeko mjini. Na shangazi hatakutajia bei, lakini utapeleka ndizi, utapeleka maharage, utatuma na hela ya sabuni, na yeye akipata msiba au harusi mchango wako utakuwa wa kwanza kutazamwa. Hiyo nayo ni bweni, tena haina risiti.

La tatu ni michango inayozaliwa katikati ya mwaka. Hii mimi nina kinyongo nayo binafsi. Nilipomaliza la saba Kayumba mzee alijikakamua akanipeleka mwaka mmoja shule ya kulipia, jina naliacha. Nilirudishwa nyumbani mwezi wa tisa kwa sababu sijalipa hela ya mahafali ya kidato cha nne. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza! Yaani nilifukuzwa kwa ajili ya wali wa sherehe ya watu ambao hata majina yao sikuyajua. Siku tisa nilikaa nyumbani, na hizo siku tisa ndizo walizosoma milinganyo kwenye Hisabati, mpaka leo x na mimi hatuelewani vizuri. Mwaka uliofuata nikahamia shule ya kata na ndiko nilikomalizia.

Michango hii inapitaje? Wengi mnadhani mwalimu mkuu anaamka asubuhi na kuamua. Wala. Inapita kwenye kikao cha wazazi, na kikao kina utaratibu wake. Uongozi unaleta hoja, tuseme basi jipya au uzio au kisima. Wanaokaa viti vya mbele ni wafanyabiashara, watumishi na wakandarasi, watu ambao 50,000 kwao ni vocha ya mwezi. Mmoja anasimama anasema elimu ni uwekezaji, makofi, hoja imepita, muhtasari umeandikwa. Mzazi wa Murusagamba hayupo, nauli ya kwenda kwenye kikao ilimshinda, au yupo lakini amekaa nyuma na anaona haya kusema mbele za watu kwamba hana. Baadaye akilalamika anaambiwa, "mlipitisha wenyewe". Kisheria labda imekaa sawa. Kiuhalisia ni wenye nacho waliowapitishia wasio nacho, na mwenye shule anatazama tu akitabasamu.

Sasa nisiwe wa upande mmoja, kuna wadau humu ni walimu wa shule binafsi na watanirushia mawe. Shule ya kulipia haipati ruzuku. Shule ya serikali inaletewa walimu wanaolipwa na Hazina, na inapata ruzuku kwa kila mwanafunzi. Ya binafsi inalipa mishahara, chakula, umeme, mafuta ya basi, na kodi na tozo zake. Wenye shule wana umoja wao, TAMONGSCO, na kilio chao cha miaka mingi ni hicho hicho cha mzigo wa gharama. Nakubali. Ila swali langu ni moja, kama gharama halisi ya kumsomesha mtoto ni 2,100,000, kwa nini kwenye bango la barabarani umeandika 1,200,000?

Jibu ni ushindani. Bango ndilo linaloleta wateja. Shule ikiandika bei ya kweli na jirani yake akaandika nusu, mzazi ataenda kwa jirani, atajua ukweli akishanunua tranka. Kwa hiyo hata mwenye shule mwaminifu anasukumwa kuficha. Na ushindani huo una mguu wa pili, matokeo. Kwa miaka mingi NECTA ilikuwa inatangaza shule kumi bora kitaifa, na mkoa wetu tulikuwa tunajivunia kusikia shule za Bukoba kama Kaizirege na Kemebos zimewahi kutajwa humo. Kila mwenye shule ndogo wilayani naye alitaka siku moja atajwe. Njia ya kufika huko ikawa kambi, vipindi vya usiku, mitihani ya majaribio kila wiki, na hayo yote mlipaji ni mzazi. Januari 2023 NECTA wakaacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, walisema haina tija. Uamuzi mzuri kwa maoni yangu. Lakini kambi zimebaki, kwa sababu matokeo ya kila shule bado yako wazi kwenye mtandao na watu wanajipangia kumi bora yao wenyewe, wanarushiana kwenye simu siku ile ile.

Serikali ilijaribu kugusa ada. Mjadala wa ada elekezi ulipamba moto kwenye miaka ya 2014 na 2015, kwamba wizara itapanga kiwango cha juu. Mwaka 2016 mpango ule ukaachwa, wakati Profesa Ndalichako akiwa waziri. Wengi walisikitika. Mimi sikusikitika sana, na nitasema kwa nini. Ukibana ada peke yake bila kugusa michango, mwenye shule anahamisha hela kutoka safu ya ada kwenda safu ya "mengineyo". Bei inabaki ile ile, sema sasa imejificha zaidi. Kinachotakiwa kubanwa kwanza ni mengineyo.

Majirani zetu wa Rwanda, hapo tu ukivuka Rusumo, walifanya jambo la kuvutia Septemba 2022. Kwa shule za serikali na zile zinazosaidiwa na serikali walitangaza mchango wa mzazi kwa muhula: faranga 975 kwa msingi, 19,500 kwa sekondari ya kutwa, 85,000 kwa bweni. Halafu wakaongeza kifungu ambacho ndicho ninachokipenda. Shule ikiwa na hitaji la ziada lililokubaliwa, mzazi asitozwe zaidi ya faranga 7,000. Yaani waliona kabisa kwamba ukiziba mlango maji yataingilia dirishani, wakaziba na dirisha. Shule za binafsi kabisa haziguswi na hilo, lakini mantiki yake inafaa kuazimwa.

Hapa kwetu upande wa serikali tulisikia Januari 2018 Rais Magufuli akipiga marufuku michango ya lazima shuleni, walimu wakuu wakatetemeka nchi nzima. Lile lilihusu shule za umma. Mzazi wa shule binafsi hakuwa na wa kumtetea, kwa hoja kwamba amekwenda kwa hiari yake. Sawa, amekwenda kwa hiari, lakini hata anayenunua mafuta ya kupikia amenunua kwa hiari, na bado tunataka chupa ya lita iwe na lita. Tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na tuna FCC, kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji. Mimi sioni kwa nini mzazi aliyelazimishwa kununua sweta duka moja tu asihesabiwe kuwa mlaji.

Mimi nisingeanza na kupanga bei. Ningeanza na kitu kimoja chepesi, kila shule ibandike gharama YOTE ya mwaka, karatasi moja, na jumla chini yake, kabla mzazi hajalipa hata fomu. Kisichokuwa kwenye karatasi ile kisidaiwe mpaka Januari nyingine. Basi. Shule ya bei ghali iwe ghali, ila tuijue ughali wake tukiwa bado nyumbani.

Kwa nini nalipigia kelele? Kwa sababu ya kalenda. Shule inafunguliwa Januari, na hapo mkulima ana maharage ya msimu wa kwanza, anatoa awamu ya kwanza vizuri tu. Michango ya katikati inakuja mwezi wa tatu au wa nne, wakati hakuna kitu ndani, maharage ya msimu wa pili bado yako shambani na kahawa bado ni mbichi mtini. Simu inalia kutoka shule, mtoto anarudishwa kesho. Hapo ndipo anapotokea yule bwana wa butura. Nyie wa Kagera mnaijua butura, asiyeijua ni hivi: mfanyabiashara anainunua kahawa yako ikiwa bado maua au mbichi, kwa bei ya kukutupia, ikiiva ni yake. Viongozi wa mkoa wameipiga marufuku mwaka baada ya mwaka na haifi. Haifi kwa sababu inakidhi haja, hela taslimu leo, jioni hii, kabla mtoto hajapandishwa gari la kurudi. Mchango wa 50,000 wa uzio wa shule unaweza kula kahawa ambayo ingeleta mara mbili yake mwezi wa saba. Hiyo tofauti haimo kwenye ile hesabu yangu ya juu. Na hapo sijagusa riba ya vikoba.

Mzazi akishindwa kabisa, anamtoa mtoto. Watu wanadhani kutoka ni rahisi, si unarudi tu Kayumba. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza kwa Kiingereza ukimrudisha darasa la tano Kiswahili, siku ya kwanza kwenye Hisabati anaambiwa atafute KDS na KKS na yeye hajui kama hayo ni majina ya vyama vya siasa au nini. Anajua kukokotoa, ila hajui anaulizwa nini. Sayansi hivyo hivyo. Mwalimu ana watoto wengi darasani, hana muda wa kumtafsiria mmoja. Anaonekana mzito, wenzake wanamcheka wanamwita mzungu, na mtihani wa taifa uko mlangoni. Ule mwaka mmoja au miwili anayopoteza ndiyo gharama kubwa kuliko trakisuti zote. Na juu ya hapo kuna shule zinazokatalia nyaraka za uhamisho mpaka deni liishe, kwa hiyo mtoto anakaa katikati, huku hayupo na kule hajapokelewa.

Ndo maana nawaambia wazazi wa hapa kijijini wanaponiuliza, maana wanajua nashinda kwenye mtandao, wasiulize ada. Waulize mzazi ambaye mtoto wake alianza mwaka juzi. Wamwombe risiti zote alizonazo, hata zile za karatasi ya daftari, wazijumlishe. Waulize sare inaruhusiwa kushonwa kwa fundi au hapana. Waulize mtoto akichelewa kulipa mchango ambao sio ada anarudishwa nyumbani au anabaki darasani. Jibu la hilo la mwisho lipatikane kwa maandishi, kwa sababu ya mdomo huwa linasahaulika kufikia mwezi wa nne. Na kama jumla inakataa, kuna njia ambayo watu wa huku wameanza kuiona haina aibu: mtoto anabaki Kayumba, ile hela ya pembeni peke yake inamlipa kijana aliyemaliza kidato cha sita amfundishe Kiingereza jioni mara tatu kwa wiki, na bado inabaki ya mbuzi. Haifanyi kazi kwa kila mtoto, sijasema ni dawa. Ila iweke mezani uipime na zile 900,000.

Wadau mlioko Ngara mjini, Rulenge, Benaco, Biharamulo na popote mlipo, wekeni hapo chini orodha za fomu zenu na jumla yake, majina ya shule yaacheni. Nataka hasa kuona ile safu ya "mengineyo" ina nini ndani yake. Yangu mimi iliandikwa "mengineyo 35,000", na mpaka natoka pale hakuna aliyenitajia hata moja.